Tusibaki kununua nuru tusiyoielewa

MSIMU mmoja wa upanzi, mjomba wangu alinunua pakiti za mbegu za mahindi katika duka la pembejeo lililo karibu na kwake. Pakiti zilikuwa safi, maandishi yake yamenyooka, na juu ya kila moja palikuwa na kibandiko kilichometameta rangi zote za upinde wa mvua kila alipokigeuza. Mjomba alilima, akapiga matuta, akapanda mvua ya kwanza ilipoanguka, kisha akangoja. Siku ya kumi alifukua udongo kwa kidole akaikuta mbegu imelala vilevile alivyoilaza. Zile chache zilizochipuka zilitoa mabua membamba yasiyobeba kitu. Msimu ulipita, na karo ya watoto ikaenda na msimu.

Nilipokwenda kumpa pole, hakulalamika sana. Aliingia ndani akatoka na pakiti tupu, akanionyesha kile kibandiko. "Mpwa wangu," akaniuliza, "wewe ndiwe uliyesoma. Hebu niambie, hiki kinachong'aa kinasema nini?"

Naungama mbele ya msomaji kwamba sikuwa na jibu. Nilijua kuwa kibandiko kile kilikusudiwa kuthibitisha kwamba mbegu ni halali, na nilijua kuwa kilikuwa kimetudanganya. Lakini rangi zile zilitoka wapi, ilhali kibandiko chenyewe hakikupakwa rangi yoyote? Zilitengenezwaje? Na kwa nini mlaghai aliweza kuziiga huku mkulima asiweze kuzisoma? Swali la mjomba lilinitoa usingizini, likanipeleka katika vitabu vya fizikia nilivyokuwa nimevipa kisogo tangu shuleni. Leo nataka kueleza nilichokipata huko, na kwa nini naamini kwamba kinalihusu taifa letu kuliko tunavyodhani.

Kwanza, rangi za kibandiko kile hazitoki katika wino. Zinatoka katika matuta. Uso wa plastiki ile umepigwa mistari myembamba mno, iliyopangwa sambamba kama matuta ya shamba, na nuru inapoiangukia hutawanyika, kila rangi ikashika njia yake. Msomaji anaweza kulishuhudia jambo hili nyumbani. Atwae sidii kuukuu, aigeuze mbele ya dirisha. Rangi atakazoziona zimetokana na nyayo za sidii hiyo, ambazo zimeachana kwa mikromita 1.6, yaani zaidi ya mistari 600 katika kila milimita. Mjomba wangu mwenyewe huzitundika sidii za aina hiyo shambani ili kuwatisha ndege. Miaka yote hiyo alikuwa akiyatumia matuta ya nuru kuyalinda matuta ya mahindi, na hapana hata mmoja wetu aliyejua.

Usione vyaelea, vimeundwa. Matuta madogo kiasi hicho huundwaje? Njia zipo kadhaa. Vibandiko vya kawaida hutengenezwa kwa muhuri wa chuma ambao umechongwa kwanza kwa ustadi mkubwa, kisha ukagandamizwa juu ya utando wa plastiki mara maelfu kwa maelfu. Lakini katika kusoma kwangu nilikutana na njia nyingine iliyonishangaza zaidi, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwani ndani yake mna funzo kubwa. Ni njia ya kuuagiza uso wa kitu kigumu ujipange wenyewe kwa amri ya nuru, pasipo chuma, pasipo tindikali wala moto.

Habari hii inaanzia katika rangi za nguo. Mnamo mwaka 1858 mkemia Mjerumani aitwaye Peter Griess aligundua mmenyuko uliofungua mlango wa kutengeneza rangi za jamii ya azo. Baadaye alikwenda Uingereza akafanya kazi katika kiwanda cha pombe mjini Burton upon Trent, huku akiendelea na uchunguzi wake. Rangi za jamii hiyo zilienea ulimwenguni kote, na hata hivi leo ndizo zaidi ya nusu ya rangi zote za viwandani zinazotiwa katika vitambaa. Nguo nyekundu, za manjano na za rangi ya chungwa tunazozianika kwenye kamba zetu, nyingi zimo katika ukoo huo.

Kiini cha rangi hizi ni atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana, na kila upande zimeungana na pete ya kaboni. Molekuli iliyo ndogo na ya msingi katika ukoo huo huitwa azobenzini. Inapokuwa imetulia imenyooka kama fimbo. Mwaka 1937 mtaalamu aitwaye G. S. Hartley alieleza kwamba inapopigwa na nuru, fimbo ile hukunjika ikawa mfano wa kiwiko, na urefu wake hupungua kutoka takriban nanomita 0.9 hadi takriban 0.55. Ikipata joto au nuru ya namna nyingine, hunyooka tena. Hukunjika na kunyooka, mara nyingi mno, bila ya kuvunjika. Jambo hilo dogo lilikaa katika majarida ya kemia kwa miaka mingi, na wengi hawakuona faida yake.

Kisha ikaja leza. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu katika jimbo la California, Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza. Nuru ya taa ya kawaida ni kama umati wa watu sokoni, kila mmoja na mwendo wake. Nuru ya leza ni kama askari wa gwaride: mawimbi yake yana urefu mmoja na huenda kwa hatua moja. Kwa sababu hiyo, miale miwili ya leza moja ikikutanishwa mahali pamoja hutokea jambo la ajabu. Pale kilele cha wimbi kinapokutana na kilele, nuru huongezeka. Pale kilele kinapokutana na bonde, nuru huzimika. Matokeo yake ni mistari ya mwanga na giza iliyopangwa sawasawa, mwembamba kupita chochote kinachoweza kuchorwa kwa mkono wa mwanadamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkemia Almeria Natansohn wa Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston nchini Kanada, alishirikiana na mwanafizikia Paul Rochon wa Chuo cha Kijeshi cha Kifalme kilichomo katika mji huohuo. Walizifunga molekuli za rangi ya azo katika minyororo mirefu ya polima, wakamwaga tone lake juu ya kioo na kulizungusha kwa kasi mpaka likawa utando usiofikia unene wa mikromita moja. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo mara hamsini au zaidi. Kusudi lao lilikuwa kuandika habari ndani ya utando kwa kuzielekeza molekuli upande mmoja kwa nuru, kisha kuzifuta na kuandika tena.

Mnamo mwaka 1995 wao na mwenzao Batalla walitangaza kwamba wameona kitu ambacho sicho walichokuwa wakikitafuta. Utando ulipowekwa chini ya miale miwili ya leza inayokutana, si molekuli za ndani tu zilizogeuka. Uso wenyewe ulikuwa umeinuka na kushuka, ukafanya matuta na mitaro ya kina cha nanomita mamia. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Lowell, nchini Marekani, Kim, Li, Kumar na Tripathy nao walitangaza jambo lilo hilo, bila ya kundi moja kulitegemea jingine.

Hebu msomaji alitafakari jambo hili. Utando ule ni mgumu, si uji wala nta iliyoyeyuka. Uko katika joto la kawaida la chumba, chini kabisa ya kiwango kinachoulainisha. Nuru yenyewe si kali kiasi cha kuunguza. Hata hivyo, ndani ya dakika chache, mada husafiri. Katika polima nyingi za aina hii hutoka penye mwanga ikaenda penye giza, kama watu wanaokimbia jua la mchana kwenda kivulini. Ukitumia leza ya samawati yenye urefu wa wimbi wa nanomita 488, na kila mwale ukainamishwa kwa nyuzi 15 kutoka wima, matuta yataachana kwa takriban nanomita 943. Ukiiinamisha kwa nyuzi 30, yataachana kwa nanomita 488, na katika milimita moja yatakuwamo zaidi ya matuta 2,000. Mkulima wa matuta hayo habadilishi jembe; hubadilisha pembe tu.

Tena, si nguvu ya nuru peke yake inayotawala kazi hiyo. Upande ambao mawimbi yake yanatikisikia nao una neno. Miale miwili yenye nguvu sawa inaweza kupiga matuta makubwa au isipige karibu chochote, kulingana na jinsi mtikisiko wake ulivyoelekezwa. Na polima hiyo ikipashwa joto kupita kiwango cha kulainika, matuta mara nyingi hujifuta, uso ukarudi kuwa laini tayari kwa kulimwa upya. Wapo wanaosema kwamba mada husukumwa na msongamano wa molekuli zinazokunjika, wapo wanaosema ni nguvu za nuru yenyewe, na wapo wanaosema ni mkazo unaotokea molekuli zinapojipanga upande mmoja. Mjadala huo umedumu miongo kadhaa. Mlango, kwa hivyo, haujafungwa, na mgeni bado anaweza kubisha hodi.

Faida yake ni nini? Matuta hayo hutumiwa kuigawanya nuru na kuielekeza. Yanaweza kuwa kalibu ya kuchapia umbo lake juu ya plastiki nyingine. Watafiti wameyatumia kuchunguza jinsi chembe hai zinavyojipanga juu ya uso wenye mitaro, na jinsi ya kuubadili uso ili maji yateleze au yashikamane nao. Na kwa kuwa ruwaza inaweza kuandikwa, kufutwa na kuandikwa upya kwa nuru, wapo wanaoitazama kama njia ya kutengeneza alama za usalama zilizo ngumu kuigwa. Sitaki kumpamba kinyonga rangi asizokuwa nazo. Tando hizi zina rangi yake zenyewe, jambo ambalo si kila kazi hulipenda. Joto kali huziharibu. Na kiwanda kinachotaka vibandiko milioni kwa siku bado kitauona muhuri wa chuma kuwa wa haraka zaidi. Sidai kwamba kibandiko cha mjomba kilitengenezwa hivyo, wala kwamba polima hizi zitaukomesha ulaghai. Ninachodai ni kingine.

Dai langu ni hili: taifa linalonunua alama za nuru pasipo kuielewa nuru linanunua kufuli na kumwachia muuzaji ufunguo. Tumezungukwa na vibandiko vinavyong'aa. Vimo katika noti zetu za fedha, katika vitambulisho, katika chupa na katika mifuko ya mbegu. Kila panapozuka ulaghai, mwito huwa ni mmoja: kiletwe kibandiko kipya kinachong'aa zaidi. Huletwa, hulipiwa, na baada ya muda mlaghai hupata kinachofanana nacho. Kwa nini isiwe hivyo? Mlaghai hana haja ya kuiga matuta yote kwa usahihi. Anachohitaji ni kumdanganya mnunuzi ambaye hakufundishwa kutazama kitu kingine zaidi ya mng'ao. Asiyejua maana, haambiwi maana. Na sisi hatukumwambia mjomba.

Najua liko jibu la haraka. Nitaambiwa kwamba nchi yenye wagonjwa wanaolala wawili kitanda kimoja haina haja ya kucheza na miale ya leza; kwamba hayo ni mambo ya mataifa yaliyoshiba. Hoja hiyo siipuuzi, kwani aliye na njaa hafundishwi kwanza habari za mawimbi. Lakini naomba tuipime. Gharama ya kutojua nayo ni gharama, ila haiandikwi katika bajeti yoyote. Iliandikwa katika shamba la mjomba, msimu mzima. Huandikwa katika dawa bandia, katika vipuri bandia, na katika fedha za kigeni tunazolipa kwa vitu ambavyo hatuwezi hata kuvikagua wenyewe kabla ya kuvipokea.

Isitoshe, kati ya sayansi za kisasa, hii haimo miongoni mwa zile za kutisha kwa gharama. Haihitaji mtambo wa ukubwa wa mji. Yahitajika leza ya nguvu ya wastani, vioo vichache, meza isiyotikisika, polima iliyotengenezwa na mkemia hodari, na hadubini ya kuyapima matuta. Rangi iitwayo Disperse Red 1, iliyokusudiwa awali kutia wekundu katika vitambaa, ndiyo iliyotumika katika majaribio mengi ya aina hii. Chombo kilicho adimu zaidi katika orodha hiyo ni subira. Natansohn na wenzake walitafuta jambo moja, wakaliona jingine, na hawakulifagia kando kwa kuwa halikuwamo katika ripoti waliyoiahidi. Mkemia alikaa meza moja na mwanafizikia. Je, katika vyuo vyetu, wawili hao huonana wapi isipokuwa katika foleni ya mshahara?

Wala tusiseme kwamba Mwafrika hana mahali katika uwanja huu. Mwaka 1991 wanasayansi wa bara hili waliunda mtandao wa LAM, wenye makao mjini Dakar, wa wataalamu wa leza, atomu na molekuli. Mwaka 2003 kilizinduliwa Kituo cha Leza cha Afrika, chenye makao nchini Afrika Kusini, ili maabara za nchi mbalimbali zishirikiane vyombo na mafunzo. Na tangu 1964, kituo alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistan huko Trieste, Italia, kimewapokea watafiti wengi kutoka nchi maskini wasio na maabara za kutosha makwao. Njia imekwisha fyekwa. Aliyebaki nyuma asiseme kuna msitu.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, serikali iitekeleze sheria yake yenyewe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa ndicho kiwango cha kuiwezesha. Ahadi iliyoandikwa katika sheria si salamu za sikukuu. Wabunge wetu, ambao hukumbuka kila kifungu kihusucho marupurupu yao, na wakikumbuke hicho nacho.

La pili, badala ya kila chuo kikuu kununua kifaa kimoja kisichokamilika na kukifungia kabatini, pawe na maabara moja ya pamoja ya nuru na polima, ambayo mwanafunzi wa Maseno, wa Eldoret au wa Mombasa anaweza kuomba nafasi na kuipata. Maabara hiyohiyo ipewe kazi ya kuvichunguza vibandiko vyote vya usalama kabla serikali haijavilipia, na kuvichunguza vile bandia vinavyokamatwa ili tujue mlaghai amefikia wapi.

La tatu, nuru ifundishwe kwa kuonwa. Mwalimu mwenye sidii kuukuu, kipande cha karatasi na jua la saa nne anaweza kuwaonyesha wanafunzi kile ambacho picha ya kitabuni haiwezi kukionyesha. Zile kalamu za leza zinazouzwa mitaani nazo zingefaa, mradi mwalimu azishike yeye mwenyewe na awakataze watoto kabisa kumulikana machoni, kwa kuwa huweza kuwapofusha.

La nne, na hili nalisema kwa uchungu wa mwandishi, mambo haya yasemwe kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, si ya nyimbo na ya soko peke yake. Nilipojaribu kumweleza mjomba yale niliyoyasoma, niligundua kwamba maneno nilikuwa nayo: tuta, mtaro, wimbi, kilele, bonde, fimbo, kiwiko, kivuli. Hayakuwa maneno ya kukopa. Yalikuwa yamelala tu shambani mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza ile sidii yake mkononi, akacheka kidogo. Kisha akauliza swali ambalo mtaalamu yeyote asingeona aibu kuliuliza: "Sasa matuta ya kweli na matuta ya uongo, mimi nitayatofautisha vipi pale dukani?"

Nilimwambia kwamba mng'ao peke yake si ushahidi. Kwamba alama halali huwa na picha maalumu inayobadilika kwa namna maalumu unapoigeuza, na anayeitoa alama hiyo ana wajibu wa kumwonyesha mkulima picha hiyo waziwazi. Kwamba pakiti ikiwa na namba ya siri ya kukwangua na kuhakikisha kwa simu, aikwangue na kuihakikisha kabla hajatoa pesa. Na kwamba aitunze risiti pamoja na pakiti hadi siku ya mavuno. Alitikisa kichwa. "Basi wangeniambia hayo tangu mwanzo," akasema, "ningewauliza."

Ndivyo nami nisemavyo. Wangemwambia. Tungemwambia. Nuru si mali ya Kanada wala ya Massachusetts. Jua linalochwea Turkana na linalochomoza Lamu halikumpa taifa lolote hati ya kulimiliki. Kilichowatofautisha wenzetu na sisi ni kwamba wao waliitazama rangi ya nguo mpaka ikawafanyia matuta, nasi tumeivaa mpaka ikachujuka. Msimu mwingine wa upanzi u karibu, na madukani vibandiko vinang'aa kama kawaida.